Mstari wa Mama

Wachoraji wa katuni wa Tarime na Serengeti wanaenea kwenye benchi mbili za kanisa na nafasi inabaki, ila ukiwasikia wakibishana utadhani ni kijiji kizima. Kila mwaka baada ya mavuno hukutana Tarime mjini, kwenye ukumbi mdogo wa parokia, wakapanga mezani vitabu vyao vya kopi zilizobanwa kwa stepla, wakasomana na kutaniana mpaka jioni. Mwaka huu Wegesa naye alikuwa na kitabu. Kila ukurasa ulikuwa umeshatiwa wino, na mashine ya fotokopi ilikuwa yake mwenyewe, pale kwenye stesheneri yake. Alichokosa ni ruhusa ya mama yake.

Kitabu kilimhusu baba yake, Waitara, aliyetoka alfajiri kufuata ng'ombe walioibwa akarudishwa kwenye machela. Wegesa alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Habari zote aliziokota kwa wajomba na majirani, maana mama yake, Teresia, hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Ukimuuliza, naye anakuuliza kama umeshawafungia kuku. Sasa utauchukuaje msiba wa mtu aliye hai, uutandaze mezani wageni wa kutoka Sirari waupekue, na mwenyewe hajui? Wegesa aliapa kwamba mama akikataa, kitabu kinaingia kabatini na hakitoki tena. Aliapa kwa ujasiri mkubwa, na tangu siku hiyo kila sahani aliirudisha na nusu ya ugali.

"Naogopa chumba cha mwisho," alimwambia Evance kwenye simu. Chumba ndilo jina ambalo wachoraji hawa hukipa kila kisanduku cha picha.

Evance ni mwalimu, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi Machochwe. Tembo walipomnyima usingizi kwa kuvamia mahindi ya majirani, akaanza kuwachora, na mpaka leo hajaacha. Ndiye aliyemshauri Wegesa akiache kitupu chumba cha mwisho cha kitabu.

"Usikiguse," Evance alisema. "Baada ya kaburi, kimya. Msomaji abaki na kile kimya."

"Wewe endelea na tembo wako, mura," Wegesa alimjibu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Anayemjua mama yangu ni mimi."

Alisema hivyo, lakini alikuwa anajidanganya.

Jumapili baada ya ibada alitembea hadi pembezoni mwa Turwa, mama yake anakolima. Alimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Kwani huko stesheneri mnakula karatasi?"

"Nimekuletea kitu usome."

"Macho yangu nayatunzia Biblia."

"Hiki ni picha, mama. Ni habari ya baba."

Mkono wa Teresia ulisimama juu ya maharage. Kisha akaweka ungo chini, akajifuta viganja kwenye kanga, akaunyoosha mkono.

Teresia anajua kusoma, ila katuni hakuwa amewahi kushika. Alianzia chumba cha juu kushoto, sawasawa. Halafu, badala ya kwenda kulia, kidole kikateremka. Kikateremka tena mpaka chini ya ukurasa, ndipo kikapanda juu kuanza safu ya pili. Alipofika kwenye harusi yake mwenyewe, akakunja uso.

"Mbona watu wanakula nyama, na fahali bado anavutwa kamba?"

"Unasoma kwenda pembeni, mama. Hiki, halafu hiki cha jirani, ndiyo unashuka."

"Nani amesema?"

"Ndivyo zinavyosomwa."

"Mimi nikipalilia siwezi kung'oa jani hapa, nirukie mstari wa pili, nirudi tena hapa. Namaliza mstari, ndiyo naingia mwingine."

Akaendelea kuteremka. Miezi yote ya kupanga vyumba imezama kwa jembe moja, Wegesa alijisemea, na kwa kweli alikasirika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na safu mbili. Kushoto, Waitara anatoka. Chini yake, kofia yake imelala kwenye nyasi. Chini kabisa, kaburi. Kulia, Teresia amesimama langoni. Chini yake, ameinama juu ya jiko lililozimika. Chini kabisa, chumba kitupu. Wegesa alikuwa amezipanga zisomwe kwa kupokezana, mume na mke, mume na mke, mpaka kaburini, na baada ya kaburi kimya kile cha Evance.

Kidole cha Teresia kiliteremka kushoto. Kilikaa juu ya kaburi kwa muda mrefu, na Wegesa hakuthubutu kumtazama usoni. Kisha kikapanda juu kulia, kikapita langoni, kikapita jikoni, kikafika kwenye weupe wa karatasi.

"Hapa uliishiwa wino?"

"Hapana, mama. Hapo ndiyo mwisho. Baada ya kaburi hakuna neno."

"Kaburi liko kule, kwenye mstari wa baba yako. Huu si mstari wangu?"

Wegesa akatazama. Alikuwa ameuinamia ukurasa ule mpaka mgongo ukamuuma, na hakuwahi kuona hivyo.

"Yeye aliishia kule," Teresia alisema polepole. "Na mimi? Nilikufa naye?"

Wegesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichukua penseli kwenye mkoba, akauliza swali alilolirudia maisha yake yote. "Basi niambie, mama. Ilikuwaje?"

Safari hii Teresia hakuuliza habari za kuku.

"Siku ile alitoka haraka, na baridi ya hapa unaijua. Koti likabaki kwenye msumari. Tulipozika, watu wakaondoka, mimi nikalivaa. Nikakufunga mgongoni, nikalifunika juu yako, nikaenda kupalilia. Mawifi walisema nimerukwa na akili. Nikapalilia."

"Koti lile la kaki? Lililochanika begani? Si lilikuwa la kwako?"

"Lilikuwa la kwangu kwa kulivaa."

Koti lile Wegesa alilijua kuliko uso wa mtu yeyote. Alilala chini yake akiwa na homa. Alikwenda nalo shule siku za mvua, mikono yake ikimfika magotini, mpaka likazeeka likawa tambara la kushikia sufuria. Miaka yote amezunguka kwa wajomba akimtafuta baba kwa maneno ya kuokota, kumbe alikuwa amejifunika baba. Akalia pale pale mlangoni. Mama yake alimwacha alie, akarudi kwenye maharage yake.

Machozi yalipokauka, akachora ndani ya kile chumba kitupu. Mwanamke kwa nyuma, kati ya mistari ya mahindi, amevaa koti lililovimba mgongoni, na vijiguu viwili vya mtoto vimechomoza ubavuni. Teresia aliinama akachungulia.

"Koti ni dogo hilo. Baba yako alikuwa mtu wa mabega."

Wegesa akalipanua, likagusa ukuta wa chumba. Mama akatikisa kichwa. Akalipanua tena, pindo likavuka ukuta, likaingia safu ya kushoto mpaka kwenye udongo wa kaburi.

"Hapo sawa," Teresia alisema. "Kapige kopi zako. Na mimi nitakuja."

Kweli alikuja. Siku ya maonesho ukumbini alikaa nyuma ya meza ya binti yake na kanga mpya. Ukurasa wa harusi Wegesa aliuacha ulivyo, na waliousoma kwa kuteremka walicheka sana. Evance alipofika ukurasa wa mwisho alianza kwenda pembeni, kama mtu aliyesoma. Teresia alikishika kidole chake, akakirudisha juu.

"Maliza kwanza mstari wake, mwalimu," alimwambia. "Ndipo uje kwangu."