Moyo kwa Jina la Marehemu

Nell alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage. Nilidhani anataka kuniuliza habari za keki ya Krismasi, kumbe hata salamu hakutoa.

"Oleta, kuna mtu kampigia simu Virgil."

Virgil alikuwa mume wa Nell, na kaka wa mume wangu Denzil. Tulimzika miaka mitatu iliyopita mlimani, nyuma ya kanisa, siku ya mvua, na mimi ndiye niliyemshikia Nell mwavuli.

"Nani kampigia?"

"Binti wa ile kliniki ya bure iliyokuja uwanja wa maonyesho. Anasema Bwana Virgil Fugate alipimwa moyo pale, daktari bingwa ameyaona majibu, mabaya, aende hospitali asingoje. Nikamwambia mwanangu, huyo unayemtafuta alishakufa. Akaanza kulia, maskini, akidhani wamechelewa kupiga."

Maharage yalinimwagika sakafuni.

"Sasa niambie," Nell akasema, "ni nani mwingine anayeijua namba ya nyumba yangu kwa kichwa? Nani mwenye uso wa kulitumia jina la mume wangu?"

Nilimjua. Na yeye alimjua pia, ila alitaka nimtaje mimi.

Denzil alikuwa bandani anakonolea misumeno na kutengeneza mashine za kukatia majani. Tangu mgodi ulipofungwa ndiyo kazi yake. Nilimkuta ameinamia meza, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umekandamiza kifua. Aliponiona akajifanya anatafuta bisibisi.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Denzil, usinichezee. Kliniki imempigia Nell kumtafuta marehemu."

Akanywea. Akakaa juu ya ndoo.

"Nabanwa kifua tangu msimu wa kuwinda kulungu," akasema. "Nikienda na wenzangu mlimani wananiacha nyuma. Nikaenda kupima. Lakini ningetoaje jina langu, Oleta? Likishaandikwa mahali kwamba Denzil Fugate ana moyo mbovu, ndiyo basi. Hakuna kampuni itakayonikatia bima mpaka naingia kaburini. Virgil hawezi tena kudhurika na chochote."

Msimwone mjinga. Hapa kwetu Kentucky, huku milimani, ndivyo tulivyolelewa. Mtu akihisi uvimbe anakaa nao kimya mpaka apate kazi yenye bima, maana kampuni zilikuwa zinakuuliza kila kitu, mgongo, meno, ndoto mbaya, na ukisema ndiyo mara moja tu wanakufungia mlango. Virgil hakusema. Alikuwa nayo bima yake, akilipa kila mwezi, na saratani ya tumbo ilipomshika kampuni ikarudi nyuma kuchimbua, ikakuta aliwahi kutibiwa mgongo ujanani na hakulitaja. Wakamfuta katikati ya matibabu. Mgongo na tumbo, wapi na wapi! Tukafanya tunachofanya siku zote, tukakaanga kambare katika kituo cha zimamoto na kuuza sahani za chakula, Jumamosi baada ya Jumamosi, na samaki wa mwisho walilipia jeneza.

"Sheria imebadilika," nikamwambia. "Hawaruhusiwi tena kumkataa mgonjwa. Na leo ndiyo siku ya mwisho kwa anayetaka bima ianze mwaka mpya. Twende maktaba, ndiko wanakoandikisha."

"Sheria ile?" Akanyoosha kidole barabarani, kwenye kibao cha kuipinga alichokipigilia kwa nyundo yake mwenyewe. "Watu wanipite wakinicheka?"

"Watakupita umekufa. Basi nenda hospitali leo, bila bima."

"Wachukue shamba kwa deni lao? Bora nife kitandani kwangu."

Damu ilinichemka. "Sikia nikwambie, we mwanamume. Nimesimama mbele ya mafuta ya moto kwa ajili ya kaka yako mpaka vidole vikababuka. Kwa ajili yako sikaangi. Hata samaki mmoja. Utakufa, na mimi nitakaa nyumbani nimekunja mikono."

Akaenda kutafuta kofia yake. Nami nikampigia Nell, nikamwambia ni Denzil, na kwamba tunaelekea maktaba. Alikata simu bila kujibu.

Ndani ya pikapu, bado haiamini hiyo sheria, akataka tufanye mazoezi ya kudanganya. Mimi, mwalimu wa darasa la Jumapili kanisani, nikakubali.

"Umewahi kubanwa kifua?" nikamwuliza.

"Hapana, bibie."

"Umewahi kuishiwa pumzi?"

"Hapana, bibie. Labda siku ya harusi yangu."

"Acha upuuzi. Umepimwa na daktari hivi karibuni?"

"Siwajui madaktari, bibie. Baba alikufa bila kuwaona."

"Usimtaje baba, watauliza alikufa na nini."

Baba yao alianguka shambani ameshika kifua. Tulienda hivyo hadi mjini, mvua ya barafu ikigonga kioo, na kila pikapu iliporuka shimo nilimtupia jicho kuona kama bado anapumua.

Kwenye ngazi za maktaba alisimama. Akajidai anafunga kamba ya kiatu. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda.

Ndani kulikuwa na foleni, na nusu yake ilikuwa kanisa letu. Kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake. Otis Begley, mwenye kibao kikubwa kuliko chetu, alipotuona akajifanya anatafuta kitabu, tena kwenye rafu ya watoto. Meza ya kuandikishia ilikuwa ya Kayleen Sizemore, binti niliyemfundisha kusali. Zamu yetu ilipofika akatuvutia viti.

"Bi Oleta! Mzee Denzil, sikutegemea kukuona."

"Hata mimi," Denzil akasema.

Akamwuliza jina, akalitoa lake safari hii. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, tunaishi wangapi, tunapata kiasi gani kwa mwaka. Denzil alikuwa akijibu huku ameshika magoti, anangoja. Niliona kabisa jinsi anavyolingoja lile swali, ameshaliandalia uso.

"Unatumia tumbaku?"

"Hapana, bibie!" akajibu haraka, kwa sauti ileile ya mazoezi.

Kayleen akamtazama. "Mzee Denzil, hapo shavuni kuna nini?"

Alisahau. Alikuwa na donge la tumbaku ya kutafuna lililotuna kama jipu. Otis Begley akacheka nyuma yetu mpaka akakohoa, na Denzil akawa mwekundu hadi shingoni.

"Ninatafuna," akanong'ona.

"Sawa, naweka ndiyo. Itaongeza bei kidogo." Kayleen akaandika, kisha akageuza kompyuta tuone. Serikali ilikuwa inachangia sehemu kubwa, na iliyobaki kwetu ilikuwa ndogo kuliko ya kuijaza pikapu mafuta. Nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. "Ukikubali, bonyeza hapa. Inaanza mwaka mpya."

Denzil hakubonyeza.

"Hujaniuliza," akasema.

"Nini, mzee?"

"Kama ni mgonjwa."

"Siulizi. Hairuhusiwi kuuliza."

Nilidhani atafurahi. Badala yake niliuona uso wake unajifunga, nikajua tumekwisha. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Virgil walimwuliza mambo mia wakamnasa kwa moja," akasema. "Mimi hamniulizi hata moja, ili mkitaka mninase kwa yote. Mnadhani sijui? Nitawalipa mpaka siku ya kuugua, halafu mtasema nilificha. Mwongo mwenye akili ndiye asiyeuliza."

"Mzee Denzil, naapa..."

"Unaapa nini wewe? Ulikuwa mtoto walipomfuta kaka yangu."

Akatoka. Kayleen akanitazama kwa macho ya msiba. "Tunafunga saa kumi na moja, Bi Oleta. Nikifunga, mwezi mzima zaidi utapita kabla bima haijaanza." Nilitazama saa ya ukutani, nikamkimbilia mume wangu.

Alikuwa ameegemea pikapu, kifua kimemkaba. Hakuweza hata kufungua mlango. Nilimshika kiuno nikawa nalia na kumtukana kwa wakati mmoja, nikimwita kichwa maji, nikimwita mpenzi. Hapo ndipo gari la Nell lilipoingia kwa kasi likasimama limekaa upande upande.

Nell ni mwanamke mdogo, mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mbwa. Alishuka akaenda moja kwa moja mpaka chini ya kidevu cha Denzil.

"Shemeji," akasema, "unajua nilichomjibu yule binti?"

"Nell, nisamehe, sikufikiri..."

"Nyamaza. Aliponiambia moyo wa Virgil ni mbaya lakini bado kuna muda wa kumwokoa, kabla sijamwambia amekufa, nilimwambia 'namleta sasa hivi.' Umenisikia? Nilimwambia namleta. Nikaweka simu chini nikaenda chumbani kumwamsha. Nimefika mlangoni ndiyo nikaliona shuka halijakunjamana upande wake. Nikarudi kwenye simu na kusema amekufa. Mara ya pili, Denzil. Umenifanya nitangaze kifo chake mara ya pili."

Denzil akafunika uso kwa kofia. Mvua ya barafu ilikuwa inamwagika juu yetu sote watatu.

"Sasa rudi ndani," Nell akasema, "uchukue ugonjwa wako kwa jina lako. Uniachie mume wangu apumzike."

Kwenye ngazi Denzil alisimama tena, na safari hii hakusingizia kiatu. Kayleen alikuwa ameshavaa koti lakini kompyuta hakuizima. Foleni ilikuwa bado ipo, watu wachache wa mwisho.

"Andika," Denzil akamwambia, bado anahema. "Denzil Fugate ana moyo mbovu."

"Mzee, hakuna sehemu ya kuandika hilo."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Nimekutafutia."

Akawaza. Kisha akawageukia wale waliokuwa kwenye foleni, akavua kofia, kama tunavyofanya kanisani mtu akisimama kutoa ushuhuda.

"Basi nyie mtakuwa mashahidi," akasema. "Mimi, Denzil Fugate, moyo wangu ni mgonjwa, na baba yangu alikufa kwa moyo. Nilitumia jina la kaka yangu kwa uoga. Leo nimelisema lote mbele ya meza hii, sijaficha. Wakija kusema nilificha, semeni mlinisikia."

Nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo nilijivunia yeye kiasi cha kutaka kupiga kelele.

"Tumekusikia, Denzil," Otis Begley akasema taratibu. Akakohoa. "Na mimi nisikilizeni basi. Nina kisukari. Hata mke wangu hajui."

"Najua, Otis," mke wake akasema. "Nani anakutupia zile sindano?"

"Mimi figo," akasema mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Na mwingine akasema uvimbe, akaonyesha ulipo, na Kayleen akawa anafuta macho kwa mkono wa koti akisema jamani siulizi, siulizi, bonyezeni tu, tunafunga.

Denzil akabonyeza.

Siku zilizobaki mpaka mwaka mpya sitaki kuzikumbuka. Kayleen alituambia maumivu yakizidi twende hospitali saa ileile, bima au hakuna bima, na mimi funguo za pikapu nililala nazo chini ya mto. Nilikuwa namwamsha Denzil kumwuliza kama yu hai, naye ananijibu alikuwa hai mpaka nilipomwamsha. Krismasi alikula vijiko vitatu vya keki. Siku moja nilipochungulia nje nikaona kile kibao cha barabarani hakipo. Sikumwuliza.

Hospitali ilipofungua baada ya sikukuu tulikuwa mlangoni, sisi na Nell, ambaye hakuna aliyemwita. Yeye alibaki kwenye viti vya ukumbini. Dirishani kijana mmoja akauliza jina.

"Denzil Fugate," mume wangu akasema, kwa sauti iliyowageuza watu.

Kijana akaandika. Akatazama kompyuta. Akaendelea kuitazama. Nilimshika Denzil mkono, na nikajua sote wawili tunamfikiria mtu mmoja.

"Sawa, Bwana Fugate. Daktari wa moyo anakungoja. Mlango wa pili kushoto."

Denzil hakusogea. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Nesi akaja na kiti cha magurudumu akamsukuma ndani, naye akawa ananiangalia juu ya bega mpaka mlango ulipofungwa. Nilirudi ukumbini. Nell alisimama aliponiona, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Wamemkatalia?"

"Hapana. Ameingia."

"Hawakuuliza kitu?"

"Waliuliza jina."

Nell akakaa chini. Akavua miwani akaiweka mapajani, akalia kwa sauti, vile ambavyo hakulia siku tuliposimama mlimani na mwavuli. Watu wakadhani ametoka kupewa habari mbaya, mama mmoja akamletea maji. Nilikaa karibu yake nikamshika mkono, na sikumwambia anyamaze.