Vali Inayovuja

Moyo wangu una vali inayovuja upande wa kushoto. Kwa heshima hiyo ndogo, kila mwaka naombewa ruhusa shuleni, nikalale wodini wanafunzi wa udaktari wanisikilize kwenye mtihani wao. Ni utumishi wa umma, nami siudharau.

Kila mmoja hupewa dakika kumi nami nyuma ya pazia. Kisha hutoka kumweleza Profesa, aliyekaa mezani, ugonjwa alioukuta. Profesa haoni wanavyonipima, anapokea majibu tu.

Kufikia saa nane walikuwa wamepita tisa, na kifua changu kilikuwa kimechoka kuguswa na vyuma baridi. Wa kwanza alitetemeka mpaka nikamnong'oneza, "Kaka, vali ya kushoto inavuja."

"Ubarikiwe, mdogo wangu."

Huruma haina breki. Niliwaambia wote tisa.

Wa kumi alikuwa dada mmoja mpole. Nilipofungua mdomo akanikatiza.

"Usiniambie kitu. Mwaka jana nilifeli. Nikifeli na leo ndiyo basi, narudi nyumbani. Acha nijue kama najua."

Akanilaza ubavu, akaniambia nibane pumzi, akasikiliza mpaka muda ukaisha. Nikamsikia akisema kule mezani: vali ya kushoto inavuja.

Profesa akashusha pumzi ndefu. "Binti, wewe ni wa kumi kwa maneno hayohayo. Mwaka jana hukusikia hata moyo wenyewe. Nani kakuambia?"

"Nimesikia mwenyewe."

"Wote wamesikia wenyewe. Nimechoka, binti. Nitakupa sifuri."

Nikavuta pazia. "Shikamoo, Profesa. Wale tisa niliwaambia mimi. Huyu alinikataza."

"Marahaba. Na nitajuaje kama hilo nalo hamkulipanga?"

Dada akasema taratibu, "Mlio wa kuvuja unasikika mpaka kwapani."

Hilo hata mimi sikulijua. Profesa akaburuta kiti hadi kitandani, akaketi kama gunia, akamtazama akinipima upya toka mwanzo. Kisha akaweka stethoskopu yake kwapani mwangu, akafumba macho kwa muda mrefu. Nilidhani amesinzia.

"Umefaulu," akamwambia. "Niitie wale tisa. Safari hii nakaa hapahapa."

Akanigeukia. "Na wewe, shati wazi, mdomo umefungwa."