Mbavu za Ndune

Kicheko ndicho kilichotangulia. Kilianzia mbele ya hoteli, kikapasuka kama bisi kwenye sufuria ya moto, kikapita mlangoni na kuingia hadi jikoni, ambako Kivuti alikuwa ameinamia sahani. Kijiko kilisimama hewani. Moyo ulimwambia jambo moja tu: wamemwona.

Wamemwona anakula majani.

Tangu afike mjini Meru kutoka Gachoka siku nne zilizopita, Kivuti alikuwa amemwambia kila mwenye masikio kwamba yeye hagusi nyenyi, zile mboga za kienyeji ambazo watu wa huku huzichemsha na kuzila kwa mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa kama kwamba wamelipwa. "Kwetu Mbeere majani ni ya mbuzi," alikuwa akisema, kifua mbele. "Mbuzi anakula majani, sisi tunakula mbuzi. Hiyo ndiyo njia fupi." Watu walicheka, naye akafurahi kuona ulimi wake unafanya kazi hata ugenini. Lakini mchana huo jikoni hapakuwa na mtu, chungu kilikuwa wazi, na harufu haina adabu. Hiyo ilikuwa sahani ya pili.

Akajifuta mdomo kwa kiganja, akatoka nje amejiandaa kwa vita.

Hakuna aliyemtazama. Watu kama kumi hivi walikuwa wamesimama kwenye jua kali la Februari, wamempa mgongo, wameshika mbavu zao wenyewe. Gunia alilokuwa amelitundika ukutani kuficha kazi yake lilikuwa chini vumbini. Walikuwa wanamcheka ng'ombe wake.

Ng'ombe huyo ndiye aliyemleta Meru. Karwirwa, ambaye watu walimwita Mama Kagwiria kwa jina la bintiye, alikuwa anafungua hoteli mpya karibu na soko. Alitaka ukuta wa mbele uwe na picha ya ng'ombe, ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba chai ya hapa ni ya maziwa halisi. Alikuwa amesikia habari za Kivuti kutoka Embu, ambako kijana huyo alichora mbuzi kwenye ukuta wa bucha. Mbuzi yule alitoka vizuri hata beberu la jirani likaja kumpiga pembe, na ukuta ukapata ufa. Kivuti mwenyewe ndiye aliyeisambaza hadithi hiyo, na kila alipoisimulia ufa ulirefuka.

"Nichoree ng'ombe wa kumfanya mtu atamani chai," Karwirwa alikuwa amemwambia.

Naye akachora. Ng'ombe mwekundu, pembe zimetanuka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, nundu imesimama, macho makubwa yenye huzuni na subira. Na ubavuni, moja baada ya nyingine, mbavu kumi na tatu. Kila ubavu ulikuwa na kivuli chake, rangi aliyoichanganya kwa mkono wake mwenyewe siku nzima.

"Kijana," aliita Mzee Kaberia, akijipangusa machozi kwa kofia, "huyu umemchora ama umempiga eksrei?"

Kicheko kikalipuka upya. Mzee Kaberia alikuwa amepokea maziwa ya wakulima katika kituo cha ushirika kwa miaka ishirini kabla ya kustaafu, na katika mambo ya ng'ombe hakuna aliyethubutu kumbishia. Kila siku alikuja kukaa kwenye benchi la Karwirwa, ingawa hoteli ilikuwa haijafunguliwa, kama mtu anayelinda nafasi yake.

"Ndiye yule wa ndoto ya Farao!" alisema mtu. "Wale waliokonda."

"Hapa tutakunywa turungi tu," alisema mwingine. "Huyu hana hata tone la kupaka chai rangi."

"Nyinyi mmezoea ng'ombe wa mabaka," Kivuti alijibu, sauti ikipanda. "Mnene, hana pembe, hana nundu, hana aibu. Huyu ni ng'ombe! Huyu anatembea!"

"Anatembea kwenda wapi?" Kagwiria alimuuliza. Alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi, na ndiye aliyekuwa amelishusha gunia. "Kutafuta chakula?"

Hata Kivuti nusura acheke. Akajizuia kwa kukunja uso.

Karwirwa akaja kutoka sokoni na mkungu wa ndizi. Watu wakampisha. Aliutua mkungu, akamtazama ng'ombe kutoka pembe hadi mkia. Hakucheka, na hilo likamuuma Kivuti kuliko vicheko vyote.

"Fundi," alisema, "watu watakuja hapa kunywa chai, si kuomboleza. Mnoneshe."

"Ng'ombe wangu haguswi, mama."

"Ukuta ni wangu."

"Ukuta ni wako. Ng'ombe ni wangu."

Karwirwa aliinua mkungu wake. "Jumamosi saa sita pasta anakuja kuombea hoteli. Usipomnonesha, saa nne napaka chokaa, na ukuta nampa fundi mwingine. Nimemaliza."

"Na huyo fundi mwingine," Mzee Kaberia alidakia, "atuchoree ng'ombe anayetoa maziwa. Huyu wa huko kwao kijana anatoa nini? Jasho?"

"Utaonja, mzee," alisema Kivuti, akimnyooshea brashi. "Wallahi... haki ya Mungu, utaonja!"

Kile ambacho hakuwaambia, kwa sababu ni afadhali angekatwa ulimi kuliko kukisema mbele ya watu wanaocheka, ni kwamba ng'ombe yule alikuwa na jina. Aliitwa Ndune, Mwekundu. Mwaka wa themanini na nne, njaa ilipofagia Mbeere, mifugo ya kijiji ililala na haikuamka, lakini Ndune, aliyekuwa amezaa kwa mara ya kwanza, alibaki amesimama. Mama yake Kivuti alimkatia matawi ya miti mbali sana na nyumbani, akayabeba kichwani. Ndune naye alitoa kikombe kimoja cha maziwa kwa siku. Kimoja tu. Watoto watatu walikinywa kwa zamu, na wote watatu wako hai. Kivuti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kumlisha na kumlinda. Ndipo alipozihesabu zile mbavu. Alizijua kama mtoto wa shule anavyojua hesabu za kuzidisha.

Jioni hiyo aliandika barua fupi, akampa dereva wa basi la Embu ampitishie mwenye duka wa Gachoka: *Mama, nitumie kibuyu cha maziwa lala, yaliyoganda vizuri, ya Ndune kabla ya Jumamosi. Ng'ombe wetu ana kesi huku Meru.*

Siku ya Alhamisi Kagwiria alimchukua hadi nyumbani kwao Kaaga. "Njoo umwone ng'ombe aliyeshiba," alimwambia, "labda mkono wako utajifunza."

Kivuti alikwenda akiwa na kiburi chake chote. Alikuta ng'ombe mwenye mabaka meusi na meupe amesimama ndani ya banda la mbao, paa juu, saruji chini. Mbele yake palikuwa na rundo la nepia, majani marefu mabichi, yamekatwakatwa vipande vidogo.

"Hatoki?" aliuliza.

"Aende wapi?"

"Nani anamkatia?"

"Mimi. Asubuhi na jioni. Na maji namletea."

Kivuti akalizunguka banda mara mbili. "Kwa hivyo wewe ndiye unayechungwa," alisema mwishowe. "Yeye amekaa kama askofu, nyinyi mnapita na sahani."

Kagwiria alicheka hadi akaegemea banda. "Sema utakavyo. Debe moja asubuhi, debe moja jioni. Wako je?"

Kivuti aliunyoosha mkono, akamgusa ng'ombe ubavuni. Alitafuta mfupa, asiupate. Ulikuwa laini kama godoro. Njiani wakirudi alitembea akikitazama kiganja chake, na Kagwiria, aliyekuwa amejiandaa kwa majibizano, akachoka kungoja.

"Nyenyi ulizipenda?" alimuuliza ghafla.

"Nyenyi gani?"

"Chungu kilipungua sahani mbili, fundi. Na mbuzi hatuna."

Ijumaa Kivuti hakugusa brashi. Fundi mwingine alipita, akapima ukuta kwa hatua, akaenda zake akipiga mluzi.

Jumamosi ikafika. Saa nne kamili Karwirwa alitoka na ndoo ya chokaa na brashi pana. Kivuti alikuwa tayari amesimama, mgongo ukutani, mikono imetanda, akifanana kidogo na pembe za ng'ombe wake. Benchi lilikuwa limejaa. Mzee Kaberia alikuwa amekuja mapema akapata pa kukaa.

"Toka, fundi."

"Sitoki, mama. Nipake na mimi."

"Nitakupaka. Hunijui."

Akachovya brashi. Chokaa ilikuwa inadondoka chini tone kwa tone wakati sauti kavu iliposikika nyuma ya watu.

"Ng'ombe wangu yuko wapi, na ni nani aliyemshtaki?"

Watu waligeuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, ana vumbi la safari hadi kwenye nyusi, kibuyu kimefungwa kwa leso mgongoni kama mtoto.

"Mama!" Kivuti alishtuka. "Niliomba kibuyu tu!"

"Uliandika kesi. Mtu ana kesi, unamtumia kibuyu?" Aliwasalimu watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, kama ilivyo adabu. "Mimi ni Nelius, mama yake huyu. Nimelala Embu kwa dada wa kanisa. Haya, mlalamishi ni nani?"

Vidole vyote vikamwelekea Mzee Kaberia, naye akajikuta amesimama.

"Si kesi, mama," alisema. "Ni mambo ya kupima tu. Nilisema ng'ombe kama huyo hawezi kuwa na maziwa ya maana."

Nelius alikifungua kibuyu, akaomba kikombe. Kagwiria akakileta mbio. Maziwa yalikataa kumiminika. Nelius akatikisa kibuyu mara moja, mara mbili, yakashuka kwa bonge, mazito, yakakaa kikombeni kama yamekuja kuishi humo. Mzee Kaberia alikizungusha kikombe kama alivyozoea kazini, akayatazama yanavyong'ang'ania ukingoni. Akaonja. Akaonja tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya: akavua kofia.

"Miaka ishirini nimepokea maziwa," alisema polepole, "na sitasema uongo kwa sababu ya kicheko. Ng'ombe wa mabaka ana maziwa mengi. Lakini mafuta kama haya... Mtu angeniletea haya kituoni, ningesema ametia siagi."

Karwirwa naye akaonja. Brashi ikarudi ndooni yenyewe.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, mzee!" Kivuti alipaaza sauti, uso unang'aa kwa ushindi. "Nilisema nini? Si nilisema utaonja? Haya, nani mwingine anataka eksrei?"

Wakati huo ndipo Nelius alipougeukia ukuta.

Alisogea karibu, akaweka kidole kwenye ubavu mmoja, akakiondoa kama aliyeungua.

"Na huyu ni nani?"

"Ni Ndune, mama."

"Ndune wa lini?"

Kivuti alijipangusa viganja kwenye suruali.

"Mwaka ule," alisema Nelius, "nilimfunga nyuma ya nyumba ili wapita njia wasimwone alivyo. Usiku nilimfunika gunia. Jirani akiuliza, nasema amenona. Wewe umemtoa, umemleta Meru, umemsimamisha barabarani akiwa vile vile? Umewaonyesha watu njaa yangu?"

Hakuna aliyecheka.

"Ndivyo ninavyomkumbuka," Kivuti alisema chini chini. "Kile kikombe kimoja. Sikutaka kisahaulike."

"Kikombe nakikumbuka. Nilikigawa mimi." Sauti ya Nelius ililegea kidogo. "Lakini yule ng'ombe alinona tena, Kivuti. Ni miaka kumi. Nundu yake siku hizi inalala upande kama kofia ya chifu. Unakuja nyumbani kila Krismasi, huwa unatazama nini?"

Kivuti alitazama viatu vyake. Ilikuwa kweli. Kila alipofika nyumbani alimpiga Ndune kofi la salamu na kupita, na macho yake hayakuwahi kuziacha zile mbavu kumi na tatu.

"Siku nne nimemwambia amnoneshe," Karwirwa alimnong'oneza Nelius, kama mzazi kwa mzazi.

"Hasikii. Hata nyumbani ni hivi."

"Na anakula nyenyi kwa siri," aliongeza Kagwiria.

Nelius aligeuka. "Kivuti? Anakula majani?"

"Sahani mbili, mama," alijibu Kagwiria.

Hapo kicheko kilirudi, na safari hii Nelius ndiye aliyekianzisha, akiwa ameshika leso mdomoni. Mzee Kaberia alicheka hadi maziwa yakampalia. Kivuti aliwaka masikio. Akaenda kwenye makopo yake ya rangi, akafungua lile jekundu, akachagua brashi pana kuliko zote. Jua lilikuwa linapanda, na pasta alibakisha saa moja na nusu.

Kabla hajachovya, alimgeukia mama yake, akasema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara:

"Mama, nakuahidi mbele ya watu hawa wote. Kabla pasta hajasema amina, Ndune atakuwa ameshiba, nundu imelala upande, na nepia ya Kaaga mdomoni. Lakini ubavu mmoja nitauacha. Ule wa kikombe."