Msiba wa Kuazima

Chini ya turubai la akina Aneth, mtaani Nkuhungu, kiliketi kikao kisicho na jina. Msiba haukuwa, kwa sababu Babu Elieza alikwisha kataza. Sherehe haikuwa, kwa sababu ndege iliyombeba Cornel, baba yake Aneth, kwenda masomoni ng'ambo ilipotea juu ya bahari alizeti zikiwa ndiyo kwanza zinachanua, na sasa zilikwisha vunwa bila hata kiti kimoja cha ndege hiyo kuonekana. Wageni waliingia na "poleni" mdomoni, wakakumbuka, wakaimeza, wakasalimia tu kama watu waliopita kuomba maji.

Sheria ya babu ilikuwa moja: "Anayelia anamzika mwanangu."

Basi watu hawakulia. Walijadili. Na kwa kuwa huu ndio mji wa Bunge, walijadili kwa kanuni. Baba mdogo Seth, ambaye hajawahi kupanda chombo kirefu kuliko lori, alitoa hoja kwamba rubani ametua kisiwani. Jirani Fredy akaomba kutoa taarifa: ndege imetekwa, abiria wanalishwa vizuri, watekaji wa siku hizi wana utu. Taarifa ikapokelewa. Fundi pikipiki aitwaye Zaidi akasema tatizo ni plagi. Akaombwa akae.

"Na wewe msomi wa bweni," Seth akamgeukia Aneth aliyekuwa akigawa chai, "huko mnafundishwa nini?"

Aneth alikuwa kidato cha tatu, na shuleni alikuwa na sifa zake: yeye ndiye aliyewahi kutangaza, kwa sauti ya matroni, kwamba serikali imefuta ugali. Mdomo ukamtangulia.

"Mimi naona wametua salama, baba mdogo. Wamefika kaunta, wakaambiwa mtandao uko chini, wasubiri."

Turubai zima likacheka. Babu hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Inawezekana," alisema. "Mimi nilipofuatilia kitambulisho nilisubiri mpaka jua likazama. Na Cornel wangu mpole, hawezi kusukumana."

Asubuhi yake Aneth alimsikia akiwaeleza wageni kutoka Ihumwa, kwa sauti ya mtu mwenye habari za uhakika, kwamba kijana yuko kwenye foleni. Utani wote aliowahi kuufanya uliisha pale mtu alipoushtukia. Huu hakuna aliyetaka kuushtukia.

Akakimbilia uani. Mama yake, Edina, alikuwa amesimama mbele ya kamba ya nguo, ameshika shati la baba, ambalo lilifuliwa kila wiki ingawa halikuvaliwa.

"Mama, kifua bado?"

"Kimejaa. Kama nimemeza jiwe." Hakugeuka. "Nikilia, babu yako atasema nimemuua mwanawe. Nisipolia, Aneth, nitaanguka."

Wiki hiyo akafa Mzee Bartolomayo wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiwanyang'anya watoto mpira na kuupasua kwa kisu. Aneth alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, amefumbata mikono kama mchungaji.

"Mama, jifunge khanga. Tunakwenda kuhani."

"Bartolomayo? Si alitushtaki kwa mwenyekiti kwa ajili ya kuku?"

"Ndiye. Lakini kwake kulia kunaruhusiwa."

 Mama akaanza kutafuta khanga.

Edina alifika kwa adabu zote, akavua kandambili, akaketi mkekani na wanawake wenzake. Alianza kama anayekohoa. Halafu ikamtoka sauti ambayo Aneth hakujua kama mama yake anayo, na wanakwaya wakanyamaza. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba kumbe mzee alikuwa na watu.

"Uliniambia utarudi kabla ya mavuno," Edina alilia, akigaagaa. Na Mzee Bartolomayo, ambaye kwa miaka mingi hakuvuka hata barabara ya lami, akawa anasingiziwa safari.

Mjane, Mama Generosa, akajikokota kuwafuata. Aneth akajiandaa kufukuzwa. Generosa alikichukua kichwa cha Edina, akakilaza pajani kwake.

"Lia, mwanangu. Wangu nimemuuguza mpaka machozi ya kumlilia yakaniisha. Nafasi ipo."

Aneth alikuwa amejiwekea neno la kuchekesha kwa ajili ya njiani. Halikutoka. Alishika miguu ya mama yake, na yeye akalia.

Waliporudi, babu alikuwa amesimama getini. Aliona macho yao. 

"Mmetoka wapi?"

"Kwa Mzee Bartolomayo, baba," Edina alisema. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Tumemlilia."

"Bartolomayo."

"Ndiyo, baba."

Babu aliitazama njia waliyojia. 

"Wamekwisha zika?"

"Bado, babu," Aneth akasema. "Ni kesho."

Mzee akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani. Seth akainuka kumsindikiza. Babu akamzuia kwa kiganja.

"Wewe baki na kisiwa chako. Aneth, nipeleke."

Walikwenda polepole, mkono wa babu ukiwa begani kwa mjukuu. Karibu na nyumba ya msiba akasimama.

"Wanaume wamekaa wapi?"

"Nje, babu. Wanacheza drafti."

Babu akatikisa kichwa. "Niombee ruhusa kwa huyo mjane," alisema. "Mwambie nataka kukaa ndani, na wanawake."