Ujumbe Alioufuta Renita

Shangazi Earline akishakutafutia kitu hakuulizi kama unakitaka. Jumapili moja ya Oktoba, ibada ilipokwisha, alimshika Renita mkono kwenye ngazi za kanisa.

"Jumamosi saa kumi kuna kijana anakuja kukuona. Lamont Pettigrew. Ana nyumba ya mazishi, yake mwenyewe."

"Shangazi! Mtu wa maiti?"

"Watu wanakufa kila siku, mwanangu. Huyo hatakosa kazi."

Renita alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpokea wageni kwa daktari wa meno. Alikaa na Vonda, rafiki yake tangu chuoni, kwenye orofa ya pili ya nyumba ya matofali huko Brooklyn. Vonda alikuwa fundi cherehani, akishonea mavazi kikundi cha maigizo. Orofa ya juu aliishi Odell, mgawa barua wa posta, ambaye alikuwa na jiko lake lakini hakuna aliyewahi kusikia harufu ya chakula ikitoka humo. Alikula kwao. Wote watatu walikuwa hawajaoa wala kuolewa, na siku wale wanawake wawili walipohamia hapo waliwekeana sharti moja: mwanamume wa mwenzio ni kaka yako. Vonda ndiye aliyelitaka sharti hilo. Alishawahi kuibiwa mchumba na rafiki, na hakupenda kulizungumza.

Jumamosi ilipofika, treni ya Renita ilikwama chini ya ardhi saa nzima na ushee. Alifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, jasho limemtoka, nywele alizozitengeneza asubuhi zimelala upande mmoja. Jikoni alikuta miguu miwili mirefu imejitokeza chini ya sinki. Vonda amepiga magoti pembeni, ameshika tochi, anacheka hadi machozi. Odell yuko mezani na sahani ya kuku wa kukaanga.

"Karibu," Odell akasema. "Mgeni wako anatuzibulia sinki."

"Tumemwambia aache, hasikii," Vonda akasema, huku akifuta macho.

Lamont akatoka chini ya sinki, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, akaomba radhi kwa uchafu. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Renita alimtazama, akaona hana kasoro.

Walikwenda kula kwenye mkahawa wa jirani. Lamont alimvutia kiti, akamuuliza habari za kazi, akasikiliza majibu. Kisha akauliza kama Vonda amekuwa mshonaji siku zote. Baadaye akauliza Vonda ni mtu wa wapi. Walipoletewa kahawa akasema, kama mtu anayejisemea, "Kile kicheko chake, sijui amekirithi kwa nani."

Renita alijibu yote. Hakuwa na hamu na huyu bwana, hilo alilijua kabla sahani hazijaondolewa. Lakini alikuwa amenunua gauni, amekaa saa nzima shimoni, na sasa anaulizwa habari za mtu mwingine. Wivu ukamwingia.

Aliporudi, Vonda alikuwa sebuleni na koti la kifalme mapajani.

"Haya, shoga, lete habari."

"Mtu mzuri," Renita akasema. "Tutaonana tena."

"Nimefurahi," Vonda akasema. Akashona mstari mmoja, akautazama, akaufumua.

Jumatatu Renita alitoka kazini akakuta taa ya mashine inayorekodi ujumbe wa simu inawakawaka. Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya Lamont, ya taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Renita, wewe ni mtu wa heshima, nami nisingependa kukupotezea wakati. Nimevutiwa na Vonda. Yeye hajui, na hajafanya kosa lolote. Ningeomba ridhaa yako nizungumze naye."

Renita akasikiliza mara mbili. Kisha akabonyeza kitufe cha kufuta.

"Ah-ah," sauti ikasema nyuma yake.

Odell alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kipande cha mkate wa mahindi mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia yote. Mwambie Vonda."

"Huyo mtu aliletwa kwangu, Odell."

"Unamtaka?"

Renita akageukia dirisha.

"Basi unamzibia mwenzio njia usiyoipita," Odell akasema. "Nakupa mpaka Jumatano. Usiposema wewe, nitasema mimi, na mimi sijui kusema kwa upole."

Usiku ule na uliofuata Renita alikula na Vonda meza moja, na kila Vonda alipouliza, "Kaka Lamont amepiga simu?" alijibu, "Bado." Uongo wa kwanza ulikuwa mwepesi. Wa pili ulimtoka kwa shida.

Jumatano aliomba ruhusa mapema, akaenda nyumba ya mazishi. Aliingia kwenye chumba chenye zulia nene na majeneza matatu yaliyofunuliwa vifuniko. Lamont akaja katika suti nyeusi, mikono ameifumbata mbele.

"Pole sana kwa msiba, mama," akaanza, kisha akamtambua. "Renita! Nani amefariki?"

"Hakuna. Ujumbe wako niliupata. Nikaufuta."

Lamont akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuja kuniona mimi."

Alitarajia mtu huyo akasirike. Lamont akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni kweli. Ulichoka, ukajipamba, na mimi nikakaa mbele yako nikamwulizia mwingine. Nilikukosea."

Renita hakuwa amejiandaa kwa maneno hayo. Akajikuta analia katikati ya majeneza, na Lamont, kwa mazoea ya kazi, akamkabidhi kitambaa kabla hajakitafuta.

"Mimi sina neno," Renita akasema alipotulia. "Njoo umwambie mwenyewe."

Jioni hiyo alimweleza Vonda kila kitu. Vonda alisikiliza bila kuacha kushona.

"Siku mbili nakuuliza, unaniambia bado," akasema mwishoni. "Mimi nililala nikijilaumu kwa kumfikiria mtu wako. Nikajiona mimi ndiye mwizi."

"Nisamehe."

"Sasa hivi siwezi." Akakusanya vitambaa vyake, akaingia chumbani.

Alhamisi kengele ikalia. Vonda akafungua. Lamont alikuwa mlangoni na fungu la maua meupe.

"Nimezungumza na Renita, naye ameridhia..."

"Mimi baiskeli?" Vonda akamkatiza. "Unakwenda kwa jirani kuuliza kama unaweza kuniazima? Na haya maua umeyatoa juu ya jeneza la nani?"

Mlango ukafungwa. Odell, aliyekuwa mezani, akaacha kutafuna. Hakuna nyayo zilizosikika zikishuka ngazi. Baada ya muda kengele ikalia tena. Vonda akafungua. Safari hii maua hayakuwepo mkononi. Yalikuwa sakafuni nyuma yake.

"Naitwa Lamont," akasema. "Ningependa twende tukanywe kahawa, wewe na mimi."

"Lini?"

"Sasa."

"Sasa nina kazi. Kesho saa kumi na mbili." Akafunga tena.

"Amefungiwa mlango mara mbili na bado ameshinda," Odell akasema. Hakuna aliyecheka, ingawa Vonda aligeuza uso kuficha tabasamu.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro, Vonda alikuja chumbani kwa Renita kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Akampa mgongo.

"Nifunge zipu."

Renita akaifunga taratibu, akaweka sawa kola.

"Ukinifanyia hivyo tena nahama."

"Utahamia wapi? Kwa Odell?"

Vonda akacheka bila kutaka, kile kicheko chake chote. Kisha akachukua mkoba, akashuka. Renita alisimama dirishani akawaona wakitembea kuelekea barabara kubwa, wakipishana na watu, kila mmoja na mikono yake mfukoni mwa koti. Wivu haukuwa umemwisha. Ulimchoma kidogo, kama kiatu kipya. Akafunga pazia, akaenda jikoni kupika. Odell alishakaa mezani.

"Leo unamenya viazi," Renita akamwambia, akamwekea kisu mbele.

Odell akakitazama kile kisu, akakishika vibaya, akaanza.