Chini ya Kilo Hamsini

Chumba cha kupimia uzito kilikuwa na meza mbili, mizani mbili na feni moja iliyozunguka bila kupoza chochote. Wasichana wa uzito wa chini ya kilo hamsini walikuwa wamepanga foleni tangu saa moja kasoro robo asubuhi, wamevaa kaptura na fulana nyepesi, midomo imewakauka, kila mmoja akimtazama wa mbele yake kisogoni. Hakuna aliyekuwa na hamu ya maneno. Mtu ambaye hajanywa maji tangu jana hutunza hata mate yake.

Dada mtu hakuwa kwenye foleni. Yeye alishindana katika kata, zile hatua za karate ambazo mtu huzicheza peke yake mbele ya waamuzi, na alikuwa ametolewa Jumanne katika raundi ya kwanza. Ijumaa ile alikuja kurudisha kitambulisho cha mdogo wake. Timu nzima ilimwita huyo mdogo Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi ngumi yake ilivyoingia kabla mtu hajaiona. Alikuwa amefariki Jumatano alasiri katika bafu la bweni la wanamichezo, na hakuna kiongozi wa timu aliyekumbuka kulifuta jina lake kwenye orodha.

Karani wa mizani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, alikipokea kitambulisho. Akaitazama picha, akaitazama orodha, akatazama mlangoni.

"Sasa mbona unarudisha, na mwenyewe yuko pale?"

Dada mtu akageuka. Sindano alikuwa mwisho wa foleni, peku, nywele zimelowa, amevaa ileile suti ya nailoni ya kutolea jasho aliyokuwa nayo bafuni, zipu imefungwa hadi kidevuni. Alimpungia dada yake mkono kidogo tu, kama mtu aliyechelewa kikao na hataki kuwasumbua waliomtangulia.

Foleni ikasogea. Zamu yake ilipofika, Sindano akavua suti, akaikunja vizuri, akapanda mizani. Mizani ikaonyesha sifuri. Karani akamwambia ashuke, akaigonga mizani kwa kiganja, akamwambia apande tena. Sifuri. Akampeleka kwenye ile ya pili, nayo ikasema vilevile. Basi karani akavaa miwani yake na kufungua kitabu cha kanuni. Kiwango cha juu kilikuwa kilo hamsini. Kiwango cha chini hakikuandikwa popote.

"Umepita," akasema. "Weka sahihi hapa. Anayefuata!"

Sensei, mwalimu wao, alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, filimbi shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu, maana tangu Jumatano alikuwa hajalala sawasawa.

"Si niliwaambia atafikisha uzito?" alisema, bila kumtazama mtu yeyote.

Bwenini, Sindano alikunywa maji. Alikaa kitandani kwake, akaimaliza chupa moja, akafungua nyingine, akaimaliza na hiyo. Dada mtu akatoka kwenda kuleta katoni nzima kutoka bwaloni. Maji yalimwingia mdomoni na hayakuonekana yalikoishia. Shuka halikulowa, sakafu haikulowa, na kiu haikupungua. Kila baada ya chupa alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono na kunyoosha mkono apewe nyingine.

"Ulisema dakika tano," alisema alipofika chupa ya saba.

"Nilisema."

"Zilikuwa ndefu, dada."

Dada mtu akafungua chupa ya nane, akampa.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu Sindano alikuwa na kilo hamsini na mbili na nusu. Kwa siku mbili hakula ila nusu ya chungwa. Jumatano, mizani ya timu ilipomwonyesha hamsini nukta nane, Sensei alifungulia mabomba yote ya maji moto bafuni mpaka mvuke ukajaa, akamwingiza ndani na suti yake ya nailoni, akamweka dada mtu mlangoni ashike kitasa. "Ukimfungulia umemharibia," alimwambia. "Miaka yote minne ya kujiandaa umeimwaga chooni." Kisha akaenda kwenye mkutano wa makocha. Sindano aligonga mara tatu. Mara ya kwanza dada mtu alimwambia dakika tano tu, mdogo wangu, vumilia. Mara ya pili alimwambia vilevile. Mara ya tatu sauti ya kugonga ilitoka chini sana, karibu na sakafu, na ilikuwa laini, na dada mtu hakusema kitu. Baada ya hapo ukimya ukawa mzuri, naye akadhani mwenzake ameuzoea mvuke.

Jioni ile ya Ijumaa, jua likiwa bado dirishani, daktari wa mashindano alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, mwenye desturi ya kuvua saa yake kabla ya kusema jambo zito. Ndiye aliyeandika taarifa ya kifo, kurasa mbili, na ndani yake alitaja bafu, suti, mabomba na aliyeyafungulia. Alimsalimu Sindano, akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, hakuyapata, akamrudishia mkono wake taratibu. Kisha akamwita dada mtu ukumbini.

"Nimetoka kuuangalia mwili," alisema. "Uko palepale hospitalini. Hilo si tatizo. Tatizo ni kesho." Akavua saa. "Akipanda mkekani, jina lake litaingia kwenye matokeo. Na mtu aliyepigana Jumamosi hakufa Jumatano. Watakavyosema ni hivyo, na kwa makaratasi yao watakuwa na haki. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu. Nilitegemea maelezo yako."

"Unataka nimzuie?"

"Nataka ujue. Mimi ni daktari tu, siwezi kumkataza mgonjwa asiye na ugonjwa."

Dada mtu alirudi chumbani akakaa sakafuni, mgongo kitandani, ili asionane na mdogo wake uso kwa uso. Akamweleza yote, pole pole, kama alivyokuwa akimweleza hesabu walipokuwa wadogo. Sindano alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nisipigane ili waamini kwamba nilikufa."

"Ndiyo."

"Na wakiamini, mimi nitarudi nyumbani na wewe? Nitakula chakula cha mama?"

Dada mtu akanyoosha mkono nyuma, akampa chupa nyingine.

"Na Sensei watamfanya nini?"

"Watamfungia. Asifundishe tena mtu."

Sindano akafikiri. Alikuwa na miaka kumi na tisa na tangu alipokuwa na tisa hakuwa amewahi kukaa wiki nzima bila mazoezi.

"Mimi nilikaa mle ndani kwa sababu ya pambano hili," alisema. "Nikiliacha, nilikaa mle kwa sababu gani? Nifungie mkanda kesho, dada. Wewe ndiye unayejua kuufunga usilegee."

Simu ikaita. Alikuwa mama yao. Habari za msiba alishapewa tangu Jumatano, na dada mtu akamweleza na haya mapya. Kikasikika kijiko kikigonga sufuria.

"Amekula?" mama akauliza.

"Anakunywa maji tu, mama."

"Basi usimnyime," akasema mama. "Huyo tangu utoto ukimnyima kitu hasahau."

Asubuhi dada mtu akamfunga mkanda mwekundu. Aliuzungusha kiunoni mara mbili, akakaza fundo, na ulikaa vizuri.

Sindano alipigana mapambano manne. La kwanza alimkuta msichana mrefu mwenye miguu ya kasi. Katika karate ya mashindano ngumi ya usoni inatakiwa ifike na kuishia pale pale, imguse mtu bila kumwumiza, na kwa hilo Sindano hakuwa na mpinzani: ngumi zake ziligusa kama ukungu unavyogusa shavu. Waamuzi wa pembeni waliinua bendera mara tatu. La pili alishinda vilevile. La tatu, lile la kuingia fainali, mguu wa mpinzani ulipita katikati ya kichwa chake kama upepo dirishani. Kocha wa upande wa pili alisimama kudai pointi. Mwamuzi mkuu alifikiri kidogo, akampa, maana mguu ulipita mahali panapostahili. Sindano akainama kwa heshima, akashindwa. La nne lilikuwa la medali ya shaba. Zikiwa zimebaki sekunde kumi, pointi mbili kwa mbili, aliingia na ile ngumi ambayo mtu haioni, na bendera zote nne zikapanda kwa pamoja.

Dada mtu, aliyekuwa amekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya Sensei, alijikuta amesimama anapiga makofi. Alipiga mpaka viganja vikamwasha. Halafu akaona karani wa meza akiandika jina kwenye karatasi ya matokeo, kwa kalamu ya bluu, herufi moja moja. Akaketi.

Kwenye jukwaa, medali haikukaa. Walimvisha ikapita shingoni, ikapita kifuani, ikaanguka kwenye ubao. Walimvisha tena ikaanguka tena. Mara ya tatu Sensei akapanda, akaiokota, akaishika mwenyewe hewani mbele ya kifua cha Sindano, na picha ikapigwa. Alikuwa analia kweli. Alimwambia, "Mwanangu, umenitoa kimasomaso." Sindano aliomba maji.

Jumatatu dada mtu aliingia ofisi ya kamati akiwa na kurasa tano alizoziandika kwa mkono. Hakujificha humo. Aliandika jinsi alivyoshika kitasa, alivyogongewa mara tatu na alivyojibu mara mbili. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye tai, alizisoma zote bila kuruka mstari, akazigeuza, kisha akavuta jalada jingine na kulifungua juu yake.

"Binti yangu, pole sana," alisema. "Lakini hapa kuna mtu amepata shaba juzi. Sahihi yake ya mizani hii hapa, ya Ijumaa. Nitaandikaje kwamba alikufa Jumatano?"

"Mwili uko hospitalini."

"Sibishi. Lakini hospitali ina makaratasi yake na sisi tuna yetu." Akamrudishia kurasa zake. "Na wewe usijitese. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, hakuna mlango wowote uliofungwa. Hata wewe huna kosa."

Dada mtu alisema analo. Mzee alimwonea huruma, akamshika bega, akamsindikiza hadi kwenye ngazi.

Mwili wa Sindano ulisafirishwa kwa ndege ileile ya timu. Walimzika siku iliyofuata, na yeye mwenyewe alisimama kando ya mama yake muda wote, mama akimpa kikombe baada ya kikombe. Sasa anaishi pale nyumbani. Ndugu walipozoea, waliacha kumpisha kiti.

Baada ya miezi mitatu Sensei aliteuliwa kufundisha timu ya mashindano yajayo. Siku ya kwanza ya mazoezi dada mtu alikwenda ukumbini, ingawa karate alikuwa ameiacha. Wasichana walikuwa wanane, wamekaa kwenye mkeka, na suti mpya za nailoni zimepangwa kwenye benchi. Sensei alimwona, akatoka nje.

Basi dada mtu aliwasimulia. Alianza na Jumatatu ile, akaenda hadi kwenye kugonga kwa mara ya tatu, kule kwa chini karibu na sakafu, wala hakupunguza neno. Wasichana walimsikiliza kwa adabu. Wawili walilia. Alipomaliza, mmoja wao, mwembamba, mwenye magoti yaliyochubuka, aliinua mkono.

"Pole, dada," alisema. "Lakini shaba, aliipata?"

Dada mtu alimtazama.

"Aliipata," alisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

Msichana akaitikia kwa kichwa. Akashukuru, akainuka, akaenda kwenye benchi kuchagua suti itakayomtosha.