Balungi la Kuchoma

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Novemba, asubuhi kweupe, ndiyo siku kila kitu kiliharibika. Mke wangu Margareta alibanwa na pumu akifagia mbele ya grosari yake ya vinywaji, pale kwetu Mtoni, Temeke. Kichupa chake cha kupuliza kilitoa hewa tupu. Nikampakia kwenye bajaji yangu, nikashika barabara kubwa ya kwenda hospitali. Tulipofika makutano ya karibu na yadi za makontena za Kurasini, askari akanyoosha mkono. Barabara imefungwa.

"Afande, nina mgonjwa hapa."

"Kila mtu ana lake, mzee. Mkubwa anapita. Zima injini."

Nikazima. Malori nayo yakazima. Margareta akanishika shati mgongoni, akavuta, akavuta, kama vile hewa anaitafuta kwangu. Yalipomaliza kupita yale magari meusi yenye vioo vyeusi, king'ora mbele, king'ora nyuma, mkono wake ulikuwa umeshaachia shati.

Wakubwa hawaugui pumu. Na wakiugua, barabara ni yao.

Tulimzika Pugu. Udongo haujakauka, kaka yake Augustine akaanza maneno. Huyu shemeji yangu ni karani, anakaa Kinyerezi, mtu wa kuongea taratibu. Hakuniambia mie. Aliwaambia watu: dereva wa bajaji miaka yote hiyo, njia za ndani hazijui? Neno likatembea. Lilipofika sokoni lilikuwa limeshanenepa, kwamba mzee Didas alimchelewesha mkewe makusudi ili abaki na grosari.

Sasa, kwenye ukoo wetu kule Mbinga, anayeandaa kinywaji anaonja kwanza mbele ya wageni. Wakishaona amemeza, ndipo wanapokea. Na siku ya kuanua tanga, mfiwa anawapa wakwe zake kinywaji kwa mkono wake mwenyewe. Wakinywa, yameisha, mnabaki ndugu. Wakikataa, wamekuambia mbele za watu kwamba marehemu unajua ulimfanya nini. Mie nilitaka wanywe. Hilo tu. Grosari wangeitaka ningewapa na funguo.

Nikaamua nisiwape bia. Niwape kinywaji cha Margareta. Watu walikuwa wanatoka Keko mpaka Mbagala kufuata jin yake ya balungi la kuchoma. Mji ukichemka kwa joto, ile ndiyo ilikuwa dawa. Na ile desturi ya nyumbani hakuiacha hata kwenye biashara: kila jagi alionja kwanza. Wateja walimtania, "Mama Tekla, utalewa kabla yetu." Naye anawajibu, "Nikilewa mtanirudisha nyumbani. Nikiwaua nyie, nitawarudisha wapi?"

Siku ya arobaini, ndiyo ya kuanua tanga, asubuhi, binti yetu Tekla akawasha jiko la mkaa uani. Yeye alikuwaga anamsaidia mama yake kabla hajaolewa.

"Baba, usimenye. Kata katikati."

Nikakata. Ndani jekundu, maji yanachuruzika.

"Chovya uso kwenye sukari. Haya, lilaze juu ya waya, uso chini."

Sukari ikaanza kulia juu ya moto. Moshi ukanipanda puani, nikaligeuza haraka.

"Rudisha."

"Linaungua hili."

"Liungue. Mama alikuwa anasubiri mpaka pembeni panakuwa peusi. Ukiliwahi, unakunywa juisi ya shuleni."

Nikarudisha. Lilipoiva nikalikamua kwa mikono miwili, nguvu zangu zote. Tekla akaonja, akakunja uso.

"Baba, hapa hufui jinzi. Ukikamua hivyo unatoa na ule weupe wa ganda. Ule uchungu ni wa kwinini. Watu wanataka uchungu unaokuja nyuma ya utamu, hawataki unaotangulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunamwaga."

Jagi la kwanza likaenda kwenye mchanga. La pili nikakamua polepole, kama unavyomshika kifaranga. Nikachuja. Nikatia tangawizi iliyotwangwa, pasheni mbili na mbegu zake, kisha jin, kisha barafu, mwisho vipande vya balungi bichi vielee juu. Tekla akachukua kijiko, akaonja.

"Vipi?"

"Hapohapo, baba. Usiongeze kitu."

Akaingia ndani haraka. Nikamsikia analilia kwenye mto wa mama yake. Mie nikabaki nimelishika lile jagi kwa mikono miwili. Ubaridi ukaniingia mpaka kwenye viwiko.

Baada ya misa watu wakajaa uani, chini ya turubai. Wakwe niliwaweka meza ya mbele: Augustine, na mdogo wao Editha. Majirani walikaa nyuma, macho yote mbele, maana ile desturi yetu walishaijua. Nikasimama na jagi. Nikajimiminia, nikanywa funda moja. Utamu ukapita kwanza, uchungu ukafuata, na Margareta akawa kama amesimama kwenye mlango wa grosari, kitambaa begani. Nikameza.

"Karibuni wakwe zangu."

"Lete bwana shemeji," Editha akasema. "Joto lote hili unatuonjea kama padri." Akapokea, akanywa. Akafumba macho. Alipofumbua yalikuwa yamejaa. "Huyu dada," akasema. "Huyu ni dada kabisa."

Akamaliza glasi yote. Watu nyuma wakapumua, nikawasikia.

Nikammiminia Augustine. Akaitazama glasi. Halafu akaweka kiganja juu yake, akaifunika.

"Kaka, kunywa," Editha akamwambia.

"Kinywaji sina neno nacho. Harufu niliipata nikiwa getini." Akashusha sauti, tukawa tunasikia sie watatu tu. "Shemeji, mie siku ile nilishinda na redio. Hakuna ziara iliyotajwa. Nimewauliza wanaojua mambo hayo, hakuna anayejua. Alipita nani?"

"Vioo vilikuwa vyeusi."

"Nani, shemeji?"

"Ningemjua ningekuwa hapa nachoma mabalungi? Nilienda kituoni. Wakaniambia siku ile hakuna barabara iliyofungwa. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniambia, mzee Didas, una mtoto, una wajukuu, achana nayo. Ulitaka niende wapi tena? Mie darasa la nne."

Mkono Augustine hakuutoa.

"Mwanzo sikukuamini," akasema. "Sasa nakuamini. Ndiyo maana siwezi kunywa. Nikinywa, yameisha. Na mie sitaki yaishe hivihivi, kwa mtu asiye na jina."

"Basi simama uwaambie hivyo watu."

"Niwaambie namtafuta mkubwa? Shemeji, nina kazi mie."

Majirani hawakusikia hata neno moja. Walichokiona ni mkono wa mkwe juu ya glasi. Chausiku, jirani yetu wa ukuta mmoja, akavuta khanga yake, akaondoka bila kuaga. Wengine wakafuata. Augustine alipoinuka alinikumbatia, kwa muda mrefu kweli, lakini kufikia hapo viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Tangu siku hiyo sipati abiria hapa mtaani. Wanawake wanashusha watoto wao kwenye bajaji yangu wakishaniona sura. Tekla anasema nihamie kwake. Sihami. Naendaga pale makutano, naegesha, namuuliza kila askari ninayemkuta zamuni. Mmoja anacheka, mwingine ananiambia nitoe chombo barabarani.

Ile Jumanne asubuhi, nyuma ya vile vioo vyeusi, alikuwa amekaa nani?